Mstari Aliouruka Kijiko

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Kijiko ilikuwa kufungua madirisha. Yalikuwa mawili tu, moja la chumba cha kulala na jingine la sebule ndogo ambamo mama yake alikuwa akishonea nguo. Bawaba zake zilishika kutu, zikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nesi alikuwa ameagiza hivyo: hewa iingie, hewa itoke. Baada ya madirisha Kijiko alijaza maji kikombe, akahesabu vidonge vinne kwenye kisahani, akampelekea mama yake kitandani. Mama alimeza kimoja kimoja huku amekunja uso. Kijiko alisubiri mpaka cha mwisho kishuke, kisha akaweka alama ya vyema kwenye kadi iliyobandikwa ukutani. Siku moja, alama moja. Dawa za kifua kikuu zilikuwa za miezi sita, na kadi ilikuwa na alama kumi na tisa.

Jina la Kijiko alipewa na mama yake mdogo, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuweza kupita karibu na sufuria bila kuchovya kijiko aonje. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mchezo huo hakuwa ameuacha.

Kwa haki, kazi ya dawa ilikuwa ya mama mdogo. Ndiye aliyetia sahihi pale zahanati kwamba atamsimamia dada yake. Lakini mama mdogo, aliyeishi nao, alikuwa mpishi katika hoteli ya wageni upande wa pili wa mji, na kabla jua halijachomoza alikuwa njiani tayari. Mzigo ukamwangukia Kijiko. Baba hakuwepo, alikwenda kutafuta kazi mbali, akapotelea huko huko.

Sebuleni cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mmoja alikipokea chake kwa ncha za vidole, akakikung'uta nje ya mlango kabla ya kukitia kwenye mfuko. Mama aliona yote hayo kutoka kitandani.

Lililomsumbua Kijiko zaidi ni kwamba mama yake hakuwa akila. Uji ulirudi na utando juu. Wali ulirudi umechokorwa pembeni tu, kama vile umedonolewa na kuku.

"Kula kidogo, mama."

"Nimekula."

"Hujala. Nesi amesema dawa zinataka tumbo lenye kitu."

"Basi mwambie nesi aje anikopeshe na koo."

Mabega yake yalikuwa yametoka mifupa, na gauni aliloshona mwenyewe lilimning'inia kama limeanikwa.

Jumamosi moja mama mdogo alirudi mapema, ameshika kifurushi cha karatasi yenye mafuta. Akakifungua juu ya meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na vipande vya kitu cha manjano, vigumu, vyenye maganda.

"Hii nini, mama mdogo? Sabuni?"

"Sabuni ya kuoshea njaa. Hili ni jibini. Limekaa miaka miwili kwenye ghala huko lilikotoka, limekuwa gumu kama kisigino cha babu yako. Wageni wanakula katikati, sisi wapishi tunapewa ncha. Bandika maji, nikufundishe chakula cha Kiitalia. Kinapikwa haraka kuliko kuchemsha chai ya watu wawili."

Kijiko akabandika maji, akatia chumvi. Mama mdogo akampa pakiti ya tambi ndefu. Alipotaka kuzivunja ziingie sufuriani, mama mdogo alimshika mkono.

"Usivunje. Ziache zilainike, zitainama zenyewe. Sasa kuna jambo. Maji yake usimwage yote."

"Maji ya tambi? Ya nini?"

"Yatazame yalivyo meupe. Hayo ndiyo yanayoshikanisha. Wenye haraka wanayamwaga, halafu wanalia jibini likiwagandia. Chota kikombe kimoja, weka kando."

Tambi zilipoiva mama mdogo aliipua sufuria na kuiweka mbali kabisa na moto. Akasema jibini likitiwa motoni linakuwa kama ubani, utalitafuna mpaka kesho. Akatia siagi, akatia pilipili manga, akanyunyiza jibini lililokunwa, kisha maji yale meupe, kidogo kidogo, huku Kijiko akigeuza haraka haraka. Mbele ya macho yake mchuzi ukatokea. Ulikuwa laini, mzito, unang'aa, ungedhani mna malai, na hamkuwa na hata tone la malai humo. Kijiko akachovya kijiko.

"Haya," mama mdogo akasema, "na mgonjwa mbakizie."

Mama alikula sahani nzima. Alikula polepole, akapumzika, akarudia, mpaka akakwangua. Kisha akauliza, "Nani kapika?"

"Binti yako."

"Huyu? Huyu anajua kuonja tu." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, lakini alikuwa amecheka. Hakuwa amecheka tangu mwezi uliopita.

Tangu siku hiyo Kijiko alitoka shule mbio. Alikuna jibini, akapika, akakaa ukingoni mwa kitanda akihesabu vijiko vinavyoingia mdomoni mwa mama yake. Kila Jumamosi mama mdogo alileta ncha nyingine. Shuleni Kijiko alimsimulia mwenzake wa dawati, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Sahani nzima?" Redio akauliza. "Kwa mkono wako? Hebu acha, labda anakuonea huruma."

"Anakwangua mpaka sahani inalia."

"Basi mungu wa jiko amekushukia. Lakini dawa zenyewe ndiyo shida. Jirani yetu anasema zile dawa zinachoma moyo. Anasema mtu anaweza kupona kifua akafa moyo."

"Jirani yenu ni daktari?"

"Ni fundi baiskeli. Lakini anajua mengi."

Jumatatu iliyofuata Kijiko alikwenda zahanati kuchukua vidonge vya wiki mbili. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimpa pia karatasi.

"Hizi zilikuwa zimekwisha, leo ndiyo zimefika. Ni masharti ya mgonjwa. Msomee mama yote, maana najua yeye herufi hazimfahamu."

Ni kweli. Mama alijua tarakimu za utepe wa kupimia, lakini herufi hakuwahi kufundishwa. Jioni ile alijiegemeza kwenye mto akasema, "Haya mwalimu wangu. Soma yote, usiruke hata kituo."

Kijiko akasoma. Lala mahali penye hewa. Ziba mdomo unapokohoa. Usikose dawa hata siku moja. Usinywe pombe. Hapo mama, aliyekwisha kusimuliwa na Kijiko habari za jirani ya Redio, akasema, "Hilo mwambie fundi baiskeli." Kijiko akaendelea hadi mstari wa sita, na macho yake yakatangulia kwenye wa saba kabla mdomo haujafika.

Mstari wa saba ulisema: Epuka jibini gumu lililokaa muda mrefu. Kwa baadhi ya wagonjwa, likikutana na dawa hizi huleta joto la uso, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio.

Jikoni sufuria ilikuwa bado na joto. Mama alikuwa ametoka kula.

"Mbona umenyamaza?"

"Herufi zimefifia," Kijiko akasema. Akasoma mstari wa nane: Ukiona macho yamekuwa ya manjano, rudi zahanati haraka. Akamaliza wa tisa na wa kumi. Kisha akaikunja karatasi, akaichomeka katikati ya daftari lake la hesabu. Wameandika baadhi, alijiambia. Baadhi si wote. Mbona mama ameanza kunenepa mashavu?

Siku chache zikapita vizuri. Kisha, jioni moja, muda mfupi baada ya kula, mama aliweka kiganja kifuani.

"Njoo ushike hapa."

Kijiko akashika. Moyo wa mama ulikuwa unakwenda kama cherehani inayoshona pindo refu. Uso wake ulikuwa wa moto, macho yamekuwa mekundu, na alisema kichwa kinampasuka. Ilichukua saa nzima kutulia.

"Ni nini hiki?" mama akauliza.

Kijiko alijua. Alikuwa na jibu kwenye daftari la hesabu, hatua tano kutoka pale. Lakini kulisema ni kusema pia kwamba alilificha, na kwamba kesho mama atarudi kwenye uji wenye utando.

"Labda ni dawa," akasema. "Watu wanasema zinachoma moyo."

Hali ile ilijirudia keshokutwa, na tena baada ya siku mbili. Asubuhi moja Kijiko alipoleta kisahani, mama alikisukuma.

"Leo simezi."

"Mama, nesi alisema—"

"Nesi anameza yeye? Niache siku mbili tatu niupumzishe moyo. Wewe weka alama tu. Akiuliza, nimemeza."

"Na vidonge nipeleke wapi?"

"Tia kwenye kopo la vifungo."

Kijiko akatia vidonge kwenye kopo, akaenda ukutani, akaweka alama. Alama ilitoka nzuri kama zile za kweli. Hilo lilimshangaza mwenyewe.

Siku ya tatu bila dawa, mama alikula tambi zake na moyo ukatulia tuli. "Unaona?" akasema. "Ni vile vidonge. Fundi baiskeli ana akili kuliko zahanati nzima." Kijiko akajaribu kuamini. Kwa wiki mbili ilikuwa rahisi kuamini, kwa sababu mama alikuwa anakula, haumwi kichwa, na siku moja aliinuka akafunua cherehani na kuipangusa vumbi. Mama mdogo aliporudi kutoka kazini alitupia jicho kadi, akaona alama zimejipanga, akaenda kulala amechoka. Nesi alipopita mara moja aliuliza mlangoni, "Anameza?" Kijiko akasema, "Kila siku."

Wiki ya tatu jasho lilirudi. Kila asubuhi Kijiko alianika shuka lililolowa. Joto la mwili likapanda. Kikohozi kikashuka chini zaidi, kikawa kinatoka kama kinachimbwa. Mama akaacha tena kula, hata tambi. Kijiko aliongeza jibini, akaongeza siagi, akamsihi. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda, mchuzi umeganda.

Alhamisi ya wiki ya nne, mama mdogo akiwa ameshaondoka, Kijiko alikuwa akifungua dirisha la sebule aliposikia beseni likianguka chumbani. Alimkuta mama ameinama ukingoni mwa kitanda. Kwenye sakafu palikuwa na damu. Haikuwa nyingi, ingetosha kwenye kikombe, lakini ilikuwa nyekundu sana na ilikuwa na povu.

Alikimbia zahanati bila kufunga kamba za viatu. Nesi hakuuliza maswali. Alichukua begi lake, akavaa barakoa, wakaja naye karibu wakikimbia.

Nesi alimpima mama, akasikiliza mgongo, akamfuta mdomo. Kisha akasimama mbele ya kadi. Aliitazama muda mrefu, akipitisha kidole kwenye mistari ya alama.

"Hamkukosa hata siku moja," akasema polepole. "Basi dawa zimeshindwa. Ugonjwa umekuwa sugu." Akaketi kwenye kiti cha cherehani na kutoa karatasi ya rufaa. "Dada yangu, sikufichi. Nitakuandikia uende hospitali kubwa, wadi ya sugu. Watapima, lakini kwa kadi kama hii sitegemei mengine. Huko ni dawa nyingine kabisa, kali, kwa muda mrefu. Baadhi ya watu zinawaziba masikio. Na mtoto haruhusiwi kukaa nawe."

Akaanza kuandika. Mama alimtazama Kijiko. Lilikuwa jicho la usiseme, Kijiko alilijua tangu utoto, jicho la mbele ya wageni. Kalamu ya nesi ilikuwa imefika mstari wa tatu.

"Hakumeza," Kijiko akasema.

Kalamu ikasimama.

"Nani hakumeza?"

"Mama. Karibu mwezi mzima. Alama niliweka mimi." Akaenda akaleta kopo, akalimimina juu ya meza. Vifungo vyeupe, vya bluu, vya koti, na katikati yake vidonge, vingi, vingine vimeshikana kwa unyevu.

Nesi alivitazama. Hakupaza sauti. Alimgeukia mama. "Kwa nini?"

"Zinanichoma moyo," mama akanong'ona. "Uso unawaka, kichwa kinapasuka. Nilipoacha, na kuchomwa kukaacha."

"Saa ngapi unachomwa?"

"Jioni."

"Dawa unameza asubuhi. Jioni unakula nini?"

Mama, katika hali ile ile, alijaribu kutabasamu. "Tambi za mwanangu. Ndizo zilizonishika mpaka leo."

"Zina nini hizo tambi?" nesi akamuuliza Kijiko.

Angeweza kusema siagi na pilipili manga. Ingekuwa kweli. "Jibini," akasema. "Gumu. La miaka miwili."

"Na karatasi niliyokupa? Humo limeandikwa jibini."

"Niliona."

"Hukumsomea?"

"Niliuruka mstari."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, na sauti yake ikapita, ikaisha.

"Ulisoma?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuambia usiruke hata kituo."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakula."

Mama akageuza uso ukutani. Kijiko alimsubiri ageuke, lakini siku ile hakugeuka. Alipopandishwa kwenye gari la wagonjwa kwenda kupimwa, alimshika mkono nesi, na wa Kijiko hakuutafuta.

Makohozi yalipimwa hospitalini. Siku tano baadaye majibu yalikuja: ugonjwa ulikuwa umerudi na nguvu, lakini haukuwa sugu. Vidonge vile vile vingemtibu, ila aanze upya, siku ya kwanza, kadi mpya. Picha ya kifua ilionyesha pafu la kushoto limeliwa sehemu ya chini. Daktari alisema kovu hilo litabaki. Atashona, lakini mzigo mzito asibebe tena maisha yake yote. Kijiko na mama mdogo walipimwa pia, wakakutwa salama.

Mama mdogo alilia jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mimi ndiye niliyetia sahihi," alisema. "Na jibini nilileta mimi, sikuuliza mtu." Kesho yake akaomba zamu ya mchana, awe nyumbani asubuhi dawa zinapomezwa. Na karatasi ya masharti aliisoma mwenyewe kwa sauti, yote kumi, mbele ya dada yake.

Mama aliporudi nyumbani aliongea na Kijiko maneno ya lazima tu: maji, shuka, dirisha. Hilo liliuma kuliko fimbo. Kijiko hakujitetea. Alipika tambi bila jibini, akajaribu maziwa, akajaribu yai. Mchuzi ulikuwa mwepesi na haukushika.

Siku ya tisa mama alikula vijiko vinne, akaweka sahani kando.

"Hazina ladha," akasema.

Kijiko alitaka kusema kesho zitakuwa nzuri zaidi. "Kweli, mama. Hazina."

Mama akamtazama, mara ya kwanza tangu siku ile. Akaivuta sahani, akaongeza vijiko vitatu. "Ongeza chumvi kesho," akasema.

Mwezi ulipotimia nesi alikuja kukagua. Alimpima mama uzito, umeongezeka kilo moja na nusu. Kisha akaenda ukutani kwenye kadi mpya. Kidole chake kikapita juu ya alama, kikasimama.

"Hapa pana nafasi tupu. Tarehe kumi na saba."

"Alimeza, akatapika," Kijiko akasema. "Mama mdogo alikuja kukuuliza, ukasema asirudie siku ile. Sikujua niweke alama au nisiweke, nikaacha."

"Uliogopa nitakasirika?"

"Ndiyo."

"Na ukaacha hivyo hivyo."

"Ndiyo."

Nesi akavuta kiti, akakaa, akamwita Kijiko karibu. Mama naye alikuwa akisikiliza.

"Sikiliza, binti. Mimi nikija hapa sina jicho la kuona ndani ya kifua cha mama yako. Jicho langu ni hii kadi na huo mdomo wako. Ile kadi ya kwanza haikuwa na doa, na ilinifanya nianze kuandika barua ya kumtibu ugonjwa asiokuwa nao. Hii ina shimo moja, na kwa sababu ya hilo shimo naziamini alama nyingine zote." Akamshika Kijiko bega. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ulificha kwa mapenzi, najua. Lakini kilio hakiulizi ulificha kwa nini. Jambo baya liseme likiwa bado dogo, hata kama linakuaibisha. Likikua, hulisemi tena. Linajisema lenyewe."

"Nimesikia," Kijiko akasema.

"Na mimi pia nimesikia," mama akasema kutoka kitandani. "Maana aliyemwambia mtoto aweke alama ya uongo ni mimi."

Nesi akatoa kalamu, na kwenye ile nafasi tupu akaandika kwa herufi ndogo: alitapika. Akatia sahihi chini yake.